Mlishauriana na Nani? Mkalimani Katika Mikutano ya Mchujo

Kwanza kabisa, msinywe soda kabla ya hotuba. Nimewaona baadhi yenu, wakalimani wa mikutano ya siasa kama nilivyokuwa mimi, mkipanda jukwaani na chupa mkononi. Mheshimiwa anapofika kwenye neno "barabara," gesi inawapanda, na umati mzima unasikia ahadi ya lami ikitolewa kwa kucheua. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Simameni upande ambao upepo hautoki, nusu hatua nyuma ya msemaji, na kipaza sauti kikae chini ya kidevu, si mdomoni kama muwa.

Pili, pokeeni malipo kabla ya hotuba. Mgombea akishinda hakujui, akishindwa hajijui.

Haya mawili yangetosha kumfanya mtu aishi vizuri katika kazi hii, na lau ningekuwa mwandishi wa vitabu vya mwongozo ningeishia hapa. Lakini mmeniomba niwaeleze miaka ile ya elfu mbili na kitu, nilipokuwa nikifasiri katika mikutano ya mchujo kutoka Endebess hadi Kabuchai. Na miaka ile haielezeki bila kumtaja mwalimu wangu, gunia la unga, na swali la maneno mawili.

Nilianza kazi hii kwa kukosa nyingine. Nilikuwa nimesoma seminari, nikatoka kabla ya upadri kwa sababu ambazo askofu na mke wangu wanazifahamu, nikiwa na Kilatini kingi kisichoweza kununua kiberiti. Nilikuwa pia na Kiingereza, Kiswahili na Kibukusu, na wakati huo wagombea walianza kushuka kutoka Nairobi wakiwa wamesahau lugha mbili kati ya hizo tatu. Wao walisema Kiingereza. Mimi nikayatia maneno yao katika Kiswahili, kisha Kibukusu, ili kila mtu uwanjani adanganywe kwa lugha aliyoizoea.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa Kabuchai. Mgombea alikuwa mtu mkavu, mhasibu kwa taaluma na kwa tabia. Alisema kwamba angejaribu kuona kama kuna uwezekano wa kulitazama suala la daraja. Mimi, nikiwa na moto wa ujana na mabaki ya mahubiri ya seminari, nikatangaza kwamba daraja litajengwa, pana na imara, ng'ombe watalivuka wakiwa wamelala usingizi. Watu walipiga vigelegele. Mgombea akafurahi kuona maneno yake yakipokelewa hivyo, akaongeza jambo kuhusu zahanati, nami nikaijaza zahanati ile madaktari. Mkutano ulipokwisha walinibeba mabegani wakanizungusha uwanja mzima, na mhasibu wa watu akabaki jukwaani peke yake ameshika mkoba wangu.

Habari hiyo ilimfikia Bi Zuhura kabla sijarudi mjini. Bi Zuhura alikuwa mkalimani wa mahakama Bungoma, mama wa Kiislamu ambaye nyumba yao ilipakana na msikiti. Wazee wake walikuwa wamekuja na safari za biashara kutoka pwani wakasahau kurudi. Ndiye aliyekuwa ameniahidi kunifundisha kazi. Alinikuta nikijipangusa vumbi la utukufu.

"Mwanangu, nimesikia pale Kabuchai kulikuwa na wagombea wawili," alisema.

"Alikuwa mmoja, Bi."

"Basi wewe ulikuwa nani? Manake nimeambiwa mmoja alisema atajaribu, na mwingine akajenga daraja. Sasa hilo daraja lisipojengwa, watu watamfuata yule mhasibu au watakuja kwako?"

Nikaendelea kujipangusa vumbi.

"Usiongeze, usipunguze," akasema. "Mtu akisema upuuzi, utoe ukiwa mzima, kama yai. Ukiupamba ni wako. Na jambo usilolielewa, simama palepale umuulize, mbele ya watu wote. Hakuna anayeweza kumkataza mkalimani kuuliza. Hakimu mwenyewe hawezi."

Kisha akanisimulia kesi ya mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Mshtakiwa alisimama kizimbani akasema, "Nilimchukua, lakini tulikuwa tumekubaliana." Wakili wake akatikisa kichwa kwa furaha, maana hapo alikuwa ameona mlango wa kutokea. Hakimu akaanza kuandika. Bi Zuhura peke yake ndiye aliyesimama na kuuliza, kwa adabu, ili apate kufasiri sawasawa: "Mlikubaliana na nani, baba?"

"Na ng'ombe," akasema yule mtu. "Nilimwita, akanifuata bila kamba."

Bi Zuhura alifasiri jibu hilo likiwa zima, kama yai. Mahakama iliahirishwa ili hakimu apate kucheka ofisini kwake.

Nilidhani anachekesha tu. Ilinichukua miaka kadhaa kuona kwamba alikuwa amenipa chombo chote cha kazi.

Sasa niwaeleze mchujo, kwa sababu ninyi mmeukuta ukiwa na makaratasi na mnadhani ulikuwa hivyo tangu zamani. Katika sehemu zetu, chama kimoja kikishavuma, kimevuma. Atakayepata tiketi yake amekwisha kuwa mbunge. Uchaguzi mkuu unabaki kuwa sherehe ya kumvika koti. Kwa hiyo uchaguzi wa kweli ulikuwa ule wa ndani ya chama, na huo ulifanywa uwanjani kwa mlolongo: kila mgombea anasimama, watu wanapanga foleni nyuma yake, maofisa wa chama wanapita wakihesabu vichwa. Hapakuwa na polisi wa maana wala sheria ya kutisha. Mwenye duka alikuwa chama, na chama kilikuwa na mlango wa mbele na wa nyuma.

Zamani mgombea aliuza ng'ombe wake mwenyewe ili anunue soda za wapiga kura. Akishindwa, alirudi nyumbani akiwa na zizi tupu na akili nyingi. Lakini katika miaka ninayoizungumzia, niliona wagombea ambao hawakuuza hata kuku. Fedha zilikuja kabla yao. Zililipia hoteli, fulana, magari na mimi. Mwanzoni sikujua zinatoka wapi, mpaka niliposikia neno jipya likitamkwa kila mezani: wadau.

Mdau wa kwanza niliyemfasiria alikuja Kitale msimu wa mavuno, akiwa amevaa viatu vyeupe. Alitumwa na waagizaji wa mahindi kutoka nchi za nje, watu waliotaka kodi ya forodha iondolewe ili meli zao ziingie bila kulipa. Kwa jambo hilo walihitaji wabunge watakaonyamaza siku ya kura, na hasa mbunge kutoka eneo la mahindi, maana akinyamaza yeye, nani mwingine angepiga kelele? Jina lake halisi silitaji. Watu walimwita Mdau na aliitika. Mgombea wake alikuwa Bwana Makokha, kijana wa nyumbani aliyekulia Nairobi, mpole, mwenye Kiingereza kama cha redio.

Mdau aliwaalika wazee na wajumbe wa chama kwa chakula cha mchana hotelini, nami nikafasiri. Hakuficha kitu. Alikuwa mtu wa adabu na nyama nyingi mezani.

"Sisi hatumnunui mtu," aliwaambia. "Tunawekeza katika mazungumzo."

Nilifasiri hivyo hivyo. Mzee mmoja akaniuliza kwa Kibukusu, huku akivunja mfupa, "Na hayo mazungumzo yakizaa, ndama ni wa nani?" Nikafasiri hilo pia. Mdau akacheka, akaagiza nyama nyingine.

Mpinzani wa Bwana Makokha alikuwa Mama Nafula, mjane mkulima wa Endebess, kiongozi wa kikundi cha akina mama waliokoboa na kuuza mahindi pamoja. Mwaka uliotangulia, mahindi ya nje yalikuwa yameingia wakati uleule wa mavuno. Ya kwake yakalala ghalani bila mnunuzi, mpaka dumuzi wakayageuza unga bila kinu. Alikuwa ameuza nusu ya shamba baada ya hapo, na alisema waziwazi kwamba msimu mwingine wa namna ile ungeimeza nusu iliyobaki. Hakuwa akigombea kwa sababu alipenda bunge. Alitaka mtu mmoja awepo pale wa kupiga kelele, na hakumwona mwingine.

Basi Mdau akafanya kosa ambalo mtu wa kwetu asingeweza kulifanya hata akiwa usingizini. Mitaani Nairobi alikuwa amezoea kugawa unga, na ulikuwa ukimletea kura. Akaleta lori zima la unga Endebess. Vijana wangu, Endebess! Katika mwezi wa mavuno! Mahindi yalikuwa yameanikwa mpaka kando ya barabara, mpaka juu ya mabati, mbuzi walikuwa wameshiba wanayatazama tu. Naye akashuka na pakiti za unga uliosagwa kutokana na mahindi yaleyale ya melini.

Watu walipokea. Msiulize kwa nini. Kitu cha bure ni kitu. Lakini Mama Nafula, aliyekuwa amekuja kusikiliza mkutano wa mpinzani wake kama ilivyoruhusiwa, akaomba kusema. Makokha, kwa upole wake, akamruhusu.

"Sisi tunashukuru," akasema. "Na kwetu mgeni akileta chakula, hawezi kuondoka kabla hakijapikwa. Kitapikwa hapa, na ye mwenyewe anaanza kula. Ama namna gani, watu wa Endebess?"

"Ndiyo hivyo!" umati ukajibu.

Desturi hiyo ni ya kweli, msidhani aliibuni. Anayeleta ndiye anayeonja kwanza, na hakuna mgeni mwenye akili anayeikataa. Nilimfasiria Mdau, akakubali kwa moyo mkunjufu. Akina mama walikuwa na masufuria tayari, maana palikuwa na kuku wa mgombea wa kupikwa. Wakasonga sima mbili: moja ya unga wa pakiti, moja ya mahindi mapya yaliyosagwa asubuhi ile kwenye kinu cha posho. Wakaziweka mbele yake pamoja na kuku, bila kusema ipi ni ipi.

Mdau alimega ya kwanza, akatafuna kama mtu anayesoma mkataba. Akamega ya pili. Akairudia ya pili. Mazungumzo yakaendelea, na mkono wake ukawa unaivuka ile sima ya kwanza kama mtu anayeruka dimbwi, kwenda ya pili, mpaka ya pili ikabaki kipande.

"Muulize ameipendaje," Mama Nafula akaniambia.

Nikamuuliza. Mdau akasema kwa Kiingereza kwamba ilikuwa tamu sana, na kwamba huo ndio ubora ambao wadau wake wangewaletea wananchi. Nikafasiri yote, sikuongeza, sikupunguza.

"Mwambie hiyo ni yetu, baba," Mama Nafula akasema kwa utulivu. "Yake ni ile anaruka."

Nilimwambia. Kicheko kilianzia kwa akina mama wa masufuria, kikapita kwa vijana wa bodaboda, kikafika mpaka kwa walinzi wa Makokha. Makokha mwenyewe alijifuta uso kwa leso ili asionekane akicheka. Mdau alitazama mkono wake kana kwamba umemsaliti.

Siku ya mlolongo watu walikuja wamevaa fulana za Makokha, wengine wameweka pakiti za unga kichwani, wakaenda moja kwa moja nyuma ya Mama Nafula. Mmoja wa wapambe wa Mdau akamkimbilia bibi mmoja mzee.

"Shosho, umepotea laini! Si umevaa fulana yetu?"

"Fulana ni yenu, bana," bibi akajibu. "Miguu nilikuja nayo."

Mstari wa Mama Nafula ulizunguka uwanja ukakaribia kujiuma mkia. Wa Makokha mngeweza kuuingiza kwenye gari moja na mizigo ikapata nafasi. Hapakuwa na haja ya kuhesabu, ingawa walihesabu. Jioni wajumbe wakayapeleka matokeo makao makuu, na sisi tukasubiri cheti cha uteuzi.

Hapo ndipo nilipojifunza mlango wa nyuma wa duka uko wapi. Siku chache baadaye ofisa wa chama alikuja Kitale kutangaza mgombea rasmi, nami chama kikaniita nifasiri. Uwanja ulikuwa umejaa. Mama Nafula alikuwa mbele, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono imefungamana mapajani. Mdau alikuwa ndani ya gari, dirisha limefunguliwa kidogo. Makokha alisimama kando akitazama chini.

Ofisa akasema kwamba chama kinawashukuru wananchi kwa kujitokeza kwa wingi. Nikafasiri. Akasema kwamba demokrasia ni safari ndefu. Nikafasiri, na nikaona watu wakianza kukunja mikono ya mashati. Kisha akatoa bahasha ya cheti mfukoni, akasema, "Baada ya mashauriano ya kina, chama kimeamua kumkabidhi tiketi Bwana Makokha."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, nikaufunga. Nilisikia sauti ya Bi Zuhura, ingawa alikuwa Bungoma akila zake tende.

"Samahani, mheshimiwa," nikasema kwenye kipaza sauti. "Ili niwafasirie sawasawa. Mlishauriana na nani?"

"Fasiri tu," akaninong'oneza.

"Nitafasiri. Mlishauriana na hawa waliopo?"

"La... si moja kwa moja."

Nikafasiri: si moja kwa moja. Umati ukaguna.

"Na wajumbe wa hapa?"

"Na wadau," akasema, akijikausha shingo. "Wadau wote husika."

"Wadau gani, mheshimiwa? Hapa kila mtu ni mdau wa kitu fulani."

"Wa sekta ya nafaka! Basi, endelea!"

Nikaendelea. Niliyafasiri maneno yake moja baada ya jingine, kwa Kiswahili, kisha kwa Kibukusu: kwamba chama kimempa tiketi Bwana Makokha baada ya kushauriana na wadau wa nafaka. Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Ati wale wa unga?" Na umati mzima ukageuka kulitazama gari. Dirisha likapanda lenyewe, polepole.

Hakuna aliyerusha jiwe. Naomba hilo likumbukwe. Watu walianza tu kusogea mbele, wakiuliza kwa pamoja, kwa sauti ya kawaida kabisa: na nani? Ofisa akarudi nyuma mpaka akagusa kitambaa cha hema. Makokha ndiye aliyemwokoa. Alikwenda akamshika mkono akasema, "Mpe Mama. Mimi nataka kuendelea kuja nyumbani Krismasi." Basi ofisa akairudisha bahasha mfuko wa kushoto, akatia mkono mfuko wa kulia, akatoa cheti kingine, kimekwisha kutiwa sahihi na muhuri, chenye jina la Mama Nafula. Alikuwa amekuja na viwili. Makao makuu yalikuwa yamefikiria pande zote.

Mama Nafula akawa mbunge. Na alipiga kelele, msimsikilize anayesema hakupiga. Msimu wa kwanza alipiga mpaka kodi ikabaki pale pale, na nusu ya shamba lake ikaendelea kuwa yake. Mkutano wake wa kwanza wa shukrani nilifasiri bila malipo, jambo ambalo nawakataza ninyi.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nimewaambia msipunguze.

Miaka ilipita, mchujo mwingine ukakaribia, na Mama Nafula akaalikwa Kanduyi, pale pembeni mwa mji wa Bungoma, kumpigia debe mmoja wa wagombea wa chama. Nikaitwa nifasiri. Nilishangaa, maana Mama Nafula alikuwa mtu wa Kibukusu kilichonyooka kuliko changu. Nilipofika nikaelewa: siku hizi alihutubia kwa Kiingereza. Alihitaji mkalimani wa kumrudisha katika lugha ya mama yake. Na kwenye kiti cha kwanza kulia kwake alikuwa amekaa Mdau, amenenepa kidogo, viatu vyeupe vilevile, akinisalimia kwa kichwa kama rafiki wa shule.

Alizungumza vizuri. Barabara, karo, umeme. Kisha akafika kwenye mahindi. Alisema hali ya chakula nchini imekuwa ngumu, kwamba kiongozi lazima atazame mbali, na kwamba yeye na wenzake wameunga mkono kodi ya forodha iondolewe, kwa muda tu, msimu huu wa mavuno.

"Tulifanya mashauriano ya kina," akasema.

Bi Zuhura alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, lakini nadhani mnajua nilichofanya. Nilisogeza kipaza sauti chini ya kidevu.

"Samahani, Mama. Ili nifasiri sawasawa. Na nani?"

Alinitazama. Hakukasirika, hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka nyumba aliyohama. Mdau alikuwa akichunguza vidole vyake. Mama Nafula akafungua mdomo, na kwa kitambo kidogo nilidhani atajibu.

"Mkalimani wetu amechoka," akasema hatimaye, kwa Kibukusu, kwa sauti laini. "Mpeni maji apumzike."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Walinipokonya kipaza sauti kwa heshima, wakanishusha jukwaani, wakanipa kiti na chupa ya maji. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama inavyotakiwa. Nikakaa nikayanywa polepole, nikisikiliza nyuma yangu watu wa Kanduyi wakianza kuuliza, mmoja kwa Kibukusu, mwingine kwa Kiswahili, kijana mmoja kwa Kiingereza kibovu lakini kinachoeleweka. Na nani, Mama? Na nani? Hakuna aliyehitaji kufasiriwa.